Upande wa Kushoto wa Kipilefti

Jumatatu, 3 Machi

Immakulata amenichoka. Jana jioni nilipoanza kumsimulia tena jinsi Fuso lilivyonikata kwenye kipilefti, aliweka mwiko chini akasema, "Baba Ange, hayo yaandike. Mimi nina ugali wa kusonga." Ange, binti yetu, ameolewa Titye, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili na hakuna mwingine wa kunisikiliza. Haya. Nimenunua daftari.

Naitwa Reverien. Naendesha Kanta, lori dogo la Khatibu, mwenye duka la nafaka hapa Kasulu. Nakusanya maharage na mahindi Kitanga na Rungwe Mpya namletea, na mara moja moja napeleka Kibondo. Nimeshika usukani tangu ujanani.

Sasa kipilefti, huu mzunguko wa barabara. Zamani palikuwa na njia panda ya vumbi na kila mtu alipita kwa aibu yake. Leo pana lami, leni mbili na mishale myeupe iliyochorwa chini. Anayekwenda kushoto au moja kwa moja ashike leni ya kushoto, ile ya nje. Anayekwenda kulia ashike ya ndani. Hakuna kingine cha kujua. Lakini mwenye Noa anasimama katikati ya leni mbili kana kwamba ni kitanda chake. Mwenye Fuso anawasha indiketa zote mbili, eti anakuarifu anakwenda moja kwa moja. Bodaboda ndio kabisa. Wamefundishwa kukaa pembeni kushoto, basi wanazunguka kipilefti kizima kwa pembeni kushoto, hata anayekwenda kulia.

Mimi nikitoka barabara ya Kibondo, soko liko kulia. Nashika leni ya ndani, nazunguka, nawasha indiketa, natoka. Na kila siku kuna mtu anatokea kushoto kwangu kama ametoka ardhini.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ni Badru. Huyu ni mpwa wa Khatibu, mtoto wa dada yake Kudra, ana pikipiki na kijiwe chake kiko hapo hapo kipilefti. Nilikuwa naingia taratibu, akanipigia honi mfululizo, akaja mpaka kwenye dirisha langu. "Mzee Reve, unahamia kulia. Rudi kushoto, hapa si Burundi." Wenzake kijiweni wakacheka.

Nilikuja nchi hii mgongoni mwa mama yangu, mwaka sabini na mbili. Huko Burundi, ambako magari hupita kulia, sijaendesha hata baiskeli. Uraia ninao, wa karatasi na wa jasho. Lakini nikikosea hata kupiga chafya, ni Urundi.

Nimeumia zaidi kwa sababu ni Badru. Alipokuwa mdogo nilikuwa nampakia kwenye Kanta akacheze na honi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Barabara ya Kitanga haipitiki.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimegombana na Immakulata kwa jambo dogo. Ameweka chupa ya chai mezani kushoto kwangu, nimenyoosha mkono kuchukua mkate, chupa ikaanguka ikapasuka. Nikamuuliza kwa nini anaweka vitu mahali pasipo pake. Akazoa vigae tu. Ananyamaza sana siku hizi, na mimi kimya chake kinanikera kuliko maneno.

Jumanne, 18 Machi

Saitimira ya kushoto imevunjwa getini kwa mteja, Rungwe Mpya. Geti lenyewe limejengwa na mlevi. Khatibu alipoiona alisema, "Ndugu yangu, hii ni ya pili tangu Krismasi." Nikamwambia nguzo zimeongezeka nchini. Akacheka. Ameshinda na saumu na bado anacheka, ndiyo maana nimefanya naye kazi miaka yote hii.

Jumamosi, 22 Machi

Badru tena. Safari hii alinifuata kutoka barabara ya Kibondo mpaka sokoni, ubavuni mwa Kanta, honi, honi, honi. Sikumtazama. Nikiwa namwelekeza kuli kushusha magunia, akaja akasimama mbele yangu. "Mzee, shikamoo. Naomba nikuulize kitu." Nikamwambia aniulize Kirundi, labda nitaelewa. Akageuka, akaondoka.

Nilijisikia nimeshinda. Nikamsimulia Immakulata, naye akauliza, "Alitaka kukuuliza nini?" Nikamwambia sijui na sitaki kujua.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tumekula pilau kwa Khatibu. Dada yake Kudra ndiye aliyepika, mwanamke wa maneno machache anayeuza vitumbua stendi na hapunji mtu. Khatibu alinikalisha karibu naye kama kawaida, akawaambia wageni wake wa Ujiji, "Huyu ni dereva wangu na ni ndugu yangu, ila msimpe gari Ujiji, atawapeleka kulia." Wakacheka wote. Nami nilicheka, kwa sababu kutoka kwake haiumi. Badru tu ndiye hakucheka. Alikuwa ananitazama usoni.

Jumatano, 9 Aprili

Trafiki ameweka koni kwenye kipilefti. Mchana mmoja tu zikawa zimegongwa zote. Moja inasemekana niliigonga mimi. Sikuona koni yoyote.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nimegongana na mama mmoja mlangoni, amejitokeza ghafla. Ange amekuja na watoto. Immakulata amefurahi, ameimba jikoni kutwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 26 Aprili

Badru amekufa.

Ilikuwa juzi asubuhi. Natoka Kitanga kwa barabara ya Kibondo na magunia ya mahindi, mvua imekatika, lami inang'aa. Nimeingia kipilefti kwa leni ya ndani. Mbele yangu hakuna mtu. Nikasikia honi. Niliijua ni yake, namna yake ya kubonyeza mara nyingi nyingi, na hasira ikanipanda. Nikasema moyoni, leo sitamsikiliza huyu mtoto. Nikawasha indiketa ya kushoto, nikakata usukani kutoka kuelekea sokoni.

Nilisikia mlio wa bati, si mkubwa. Nilidhani nimegusa ukingo. Watu wakaanza kukimbia, mwanamke mmoja akashika kichwa. Nikashuka. Pikipiki ilikuwa chini ya tairi ya nyuma, kushoto. Badru alikuwa pembeni yake, macho wazi, hana hata tone la damu usoni. Aliniambia, "Mzee." Basi. Walimpakia kwenye gari la mtu, akafia njiani.

Kijiwe kizima kilinijia juu. "Mrundi ameua. Anaendesha kama kwao." Mmoja aliokota jiwe. Khatibu alitoka sokoni anakimbia na kanzu, akasimama kati yangu na wao. Mpwa wake ametoka kuchukuliwa sasa hivi, na yeye anasimama mbele yangu. Nilitamani lile jiwe linipate.

Amezikwa jana baada ya sala ya Ijumaa. Sikwenda. Nilikuwa kituoni natoa maelezo.

Jumatatu, 28 Aprili

Trafiki wamepima na kuchora. Pikipiki ilikuwa leni ya nje na ilikuwa imekwisha kupita njia ya kwenda moja kwa moja. Maana yake Badru alikuwa anazunguka kwenda kulia kwa leni isiyo yake. Mkubwa wao alinieleza kwa upole. "Mzee, wewe leni yako ilikuwa sahihi, na indiketa uliwasha, mashahidi wamesema. Kijana ndiye aliyekuwa pasipo pake."

Ni kweli. Ndivyo nilivyoandika humu siku ya kwanza, kwamba bodaboda wanazunguka kwa pembeni. Nilikuwa sahihi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Khatibu na dada yake hawasemezani. Amenisimulia leo dukani, huku anapanga mizani isiyohitaji kupangwa. Kudra anasema maneno mabaya juu yangu, naye amemwambia anyamaze, sheria imeshasema. "Nimemwambia, mwanao alikosea leni, na ndugu yangu Reverien hana kosa. Akaniambia nitoke nyumbani kwake." Sikuuliza ni maneno gani mabaya. Nilidhani nayajua, ni yale yale ya kulia na kushoto.

Mjini nako wanasema kijana alijitakia. Madereva wananipa mkono. Mwenye Noa, yule anayelala katikati ya leni mbili, amenisimamisha akasema, "Hawa bodaboda wanajiua wenyewe, mzee." Nilimtazama nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Alhamisi, 8 Mei

Kanta imerudi kutoka kituoni. Nimeendesha. Kwenye kipilefti nimesimama mpaka walio nyuma wakanipigia honi.

Jumanne, 13 Mei

Stendi, nimempita Kudra na meza yake ya vitumbua. Zamani alikuwa na foleni. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua walikuwa wanamwambia, kwa nia njema, kwamba vijana wa siku hizi hawasikii, wanapita popote. Yeye anageuza vitumbua tu. Mwanao amekufa, na kila anayekupa pole anakueleza kwamba ni kosa lake. Nilitaka kusogea nikashindwa.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zimekwisha. Vumbi la kwanza.

Jumanne, 3 Juni

Leo arobaini ya Badru. Khatibu alikwenda, akakaa nje na wanaume, dada yake hakumwangalia. Mimi nilikwenda shamba kung'oa maharage.

Ijumaa, 6 Juni

Lazima niandike hili vizuri.

Leo tulikuwa tunapura maharage uani, mimi na Immakulata. Maganda yamekauka vizuri, fimbo inalia. Upepo ukageuka, kapi likaniingia jicho la kulia. Nikalifunika kwa kiganja, nikaendelea kuongea. Nilikuwa namwambia Immakulata alete maji.

Sikumwona. Alikuwa amesimama mbele yangu, ilikuwa mchana, na mimi sikumwona. Palikuwa na ukungu wa kijivu na kwa mbali sana mwanga kidogo. Jicho la kushoto nilikuwa nimelifumbua kabisa, nililigusa kwa kidole kuhakikisha. Nikaondoa kiganja, jicho la kulia likitoka machozi, ua likarudi, maharage, kuku, mke wangu na bakuli la maji. Nikafunika tena, vyote vikaondoka.

Nilifanya hivyo mara nyingi kama mwehu. Immakulata aliweka bakuli chini. "Baba Ange, acha."

"Jicho hili halioni," nikamwambia.

"Ego," akaitikia kwa Kirundi. "Najua."

Alijua tangu chupa ya chai. Alikuwa anaweka kila kitu kulia kwangu, kikombe, taa, viatu, hata kanisani alihakikisha ukuta uko kushoto kwangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa juu ya gunia. "Ungenipigia kelele, ungesema nakuita mzee. Na ungesema wote wanakuonea kwa sababu ya Urundi, na mimi pia. Nikasema nitakuambia baada ya mavuno, tukishapata cha kushika." Akaanza kulia. "Nilidhani ni kidogo tu. Sikujua ni giza."

Sikumpigia kelele. Sina haki hiyo tena. Nilikaa naye juu ya gunia, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nikalia na mimi. Ile leni ya nje, ile anayotokea kila mtu kama ametoka ardhini, iko upande huo.

Jumatano, 11 Juni

Kibondo. Kuna madaktari wa macho wamekuja wiki hii. Nilikwenda kwa gari la watu, nimekaa kama gunia, mikono haina kazi. Daktari ni binti wa umri wa Ange. Alimulika, akapima, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu aliweka kalamu chini.

"Mzee, hii ni presha ya macho. Haiumi, inakula taratibu kutoka pembeni, na jicho zima linalifidia bovu, ndiyo maana hukujua. La kushoto limekwisha zamani. La kulia nalo limeanza, tutalilinda kwa dawa ya matone. Gari usiguse tena."

Nikamuuliza kama mwenye jicho zima angemwona mtu wa pikipiki aliye ubavuni kushoto, mchana, hatua chache tu. Alinitazama. "Angemwona," akasema.

Basi. Leni haikuwa yake, na mtu yeyote mwenye macho mawili angemwacha apite, akamtukana, wakaenda nyumbani wote wawili.

Ijumaa, 13 Juni

Jana sikuandika. Immakulata aliniuliza nitafanya nini. Nikamwambia nikinyamaza nitaacha kazi kwa sababu ya macho, watu watanipa pole, Khatibu atanipa kitu cha kuanzia, na Badru atabaki kijana aliyejitakia. Akasema, "Na mama yake?" Nikasema, "Ndiyo hivyo, na mama yake." Baadaye akaniambia, "Shamba lipo. Tulikuja nchi hii tukiwa na jembe tu." Hakusema zaidi, na nilimpenda sana kwa hayo.

Leo nimekwenda dukani nikamwekea Khatibu funguo za Kanta mezani. Nikamweleza yote, jicho, daktari, siku ile. Nilitegemea atanifukuza au atanikumbatia. Alishika funguo, akazigeuza geuza, akainamisha kichwa muda mrefu. Mteja aliingia akatoka bila kuhudumiwa.

"Trafiki nitakwenda Jumatatu," nikasema, "nibadilishe maelezo. Lakini kwanza dada yako. Twende wote."

"Mimi siwezi," akasema. "Nenda wewe, Reverien. Mimi kwa Kudra siwezi kwenda na neno hilo."

Nilidhani ni hasira juu yangu. Nikaona ni haki yake.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetoka kwa Kudra.

Nilimkuta barazani anapepeta maharage. Nikabisha hodi nikiwa nje kabisa. Alinitazama kidogo, akasema karibu, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, akanisogezea kigoda. Kilikuwa kushoto kwangu, nikakitafuta kwa mkono. Aliona.

"Mama Badru," nikasema, "nimekuja kukuambia kwamba jicho langu la kushoto halioni. Nimejua wiki iliyopita. Siku ile sikumwona mwanao kabisa. Aliyekosa si yeye, ni mimi. Jumatatu nitawaambia trafiki, na leo nakuambia wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na kwa matusi. Aliweka ungo magotini.

"Nilikuwa najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Badru alikuwa anasema humu ndani. 'Mama, yule mzee wa mjomba haoni upande mmoja. Kila siku nakaa ubavuni kwake, nampungia mkono, haoni kitu. Siku moja ataua mtu.' Akasema alijaribu kukuambia sokoni, ukamfukuza. Akaenda kumwambia mjomba wake. Mara mbili. Mjomba wake akacheka, akamwambia ni Urundi tu huo, muache. Baada ya mazishi nikamkumbusha kaka yangu hayo maneno, akaniambia ninyamaze, sheria imeshasema."

Nikaona kichwa cha Khatibu kilivyoinama jana juu ya zile funguo. Sikuwa na hasira naye. Tulicheka wote siku ya Idi.

Kudra alikuwa anaokota mawe madogo kwenye maharage, moja moja, anatupa uani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Wanasema siku ile alipiga honi."

"Alipiga."

"Sana?"

"Sana."

"Na wewe uliisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Niliisikia, mama," nikasema. "Nilidhani ananitukana."

Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta, nami nikabaki pale mpaka alipomaliza, kwa sababu hakuniambia niondoke.